SHABAHA YA BUNDUKI NA SHABAHA YA MPIRA WA KIKAPU

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari ya shabaha: ilivyokuwa zamani za upinde, ilivyokuwa zamani za gobori, na ilivyo katika mchezo wa mpira wa kikapu. Huenda mtu akasema, "Bunduki ni silaha na mpira ni mchezo, vinahusianaje?" Twamwomba atusikilize hata mwisho.

Maneno haya yalianza jioni moja katika chuo chetu cha ualimu, huku Kasulu. Wanafunzi walikuwa uwanjani wakitupa mpira katika pete ya chuma, mmoja mmoja kwa zamu. Kijana mmoja atokaye upande wa Kibondo akatujia akasema, "Mwalimu, babu yangu alikuwa mwindaji wa gobori, na watu wote walimsifu kwa shabaha. Sasa hawa wenzangu wanasema ya kwamba mtupaji wa mpira ana shabaha kumpita mwindaji. Nani mwenye shabaha ya kweli?" Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu swali lile lina historia ndani yake, na lina hesabu, na lina jambo la tatu ambalo hatukulijua siku ile. Tulimwahidi jibu, na jibu lenyewe ndilo hili.

Na tuanze na upinde, kwa kuwa upinde ni mzee kuliko vyote viwili. Katika vilima vya Buha, tangu Heru mpaka Muhambwe na Buyungu, kama katika nchi nyingi za jirani, mtu aliwinda kwa upinde na mishale kabla bunduki hazijafika. Sasa angalieni. Kila kitu kilichotupwa hewani huvutwa na nchi, nacho huanza kuanguka mara ile ile kinapoachiliwa. Kitu kikikaa hewani sekunde moja, huanguka futi 16 chini ya mstari kilikoelekezwa. Tuseme mshale unakwenda meta 50 kwa kila sekunde, na mnyama yuko mbali meta 30. Mshale utakaa hewani zaidi kidogo ya nusu ya sekunde, nao utaanguka zaidi ya futi 5. Basi mpiga upinde akiuelekeza mshale katika moyo wa mnyama, mshale utakwenda kuchoma majani. Hana budi kulenga juu, mahali pasipo na kitu, na kuuacha mshale upande na kushuka.

Babu zetu hawakuandika hesabu hiyo, lakini mikono yao iliijua. Waliijuaje? Kwa mazoezi ya tangu utotoni. Upinde wa mtoto hukatwa porini bure, na mishale ya matete hukatwa bure vile vile. Mtoto akikosa, huenda kuuokota mshale wake akapiga tena. Shikeni neno hilo la kuokota, kwa maana tutalirudia.

Sasa twaja kwenye bunduki. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilitoka pwani ikapita Tabora mpaka Ujiji, ikitafuta pembe za ndovu na, kwa msiba wetu, watumwa. Misafara hiyo ilileta nguo, shanga, waya na bunduki. Bunduki zilizoenea zilikuwa za gumegume, kisha za fataki, ambazo watu huziita gobori. Mwenye gobori alimimina baruti kwa mdomo wa mtutu, akatia risasi au vipande vya chuma, akashindilia kwa mdeki, ndipo akaweka fataki. Mvua ikinyesha, baruti huloa na bunduki hukataa kulia. Tena mtutu wa gobori ni laini kwa ndani, na risasi hupita humo kwa kulegea ikigonga huku na huku; kwa hiyo haijulikani itatoka kwa upande gani. Mtu aliyesimama mbali yadi 100 hakuwa na sababu kubwa ya kuiogopa bunduki namna hiyo, ila kelele yake.

Kasoro ya pili ilikuwa ghali ya baruti. Kila mlio ulikuwa mali iliyoteketea. Mtoto wa mwenye upinde aliweza kupiga mishale mia kwa siku, lakini mwenye gobori huenda alipiga mara chache tu kwa mwezi mzima. Angepataje shabaha? Ndiyo maana wawindaji wengi wa gobori walijifunza kunyemelea kuliko kulenga: walitambaa mpaka karibu kabisa, mahali ambapo hata mtutu mbovu hauwezi kukosa.

Tena bunduki peke yake haikuwapa wenyewe ushindi kila mahali. Mwezi wa Novemba 1871 Bwana Henry Morton Stanley alipita nchi ya Buha, akielekea Ujiji kumtafuta Dr. David Livingstone. Msafara wake ulikuwa na bunduki nyingi. Lakini wakubwa wa Buha walimtoza hongo, akalipa nguo nyingi. Akaenda mbele kidogo, akatozwa tena. Mwishowe aliona heri kumwajiri kiongozi wa njia, akaondoka na watu wake usiku kwa kunyamaza, wakapita porini mbali na vijiji, kuliko kupigana. Alijua ya kuwa risasi alizochukua zina hesabu yake, na wenyeji wa nchi hawana hesabu.

Miaka 20 baadaye, huko Uhehe, jambo kubwa zaidi lilionekana. Tarehe 17 Agosti 1891, mahali paitwapo Lugalo, jeshi la Wadachi chini ya Bwana Emil von Zelewski lilishambuliwa na watu wa Mkwawa waliokuwa wamejificha njiani. Jeshi lile lilikuwa na bunduki za kisasa na mizinga. Lakini Wahehe waliwaingilia ghafula, kwa karibu sana, wengi wao wakiwa na mikuki. Zelewski aliuawa pamoja na wengi wa askari wake, na bunduki kama 300 zikachukuliwa. Hatusimulii haya ili kuisifu damu. Twataka mwone ya kwamba bunduki nzuri yahitaji nafasi na utulivu. Asiyepewa nafasi ya kulenga, bunduki yake ni fimbo nzito tu.

Sasa mwaka ule ule wa 1891, mwezi wa Desemba, mbali sana na Lugalo, katika mji wa Springfield huko Marekani, mwalimu mmoja alikuwa na shida ambayo kila mwalimu ataielewa. Jina lake James Naismith, mzaliwa wa Kanada. Alipewa darasa la vijana 18 wakorofi, wakati wa baridi kali ambapo hawawezi kucheza nje, akaambiwa awatafutie mchezo wa kucheza ndani ya nyumba bila kuumizana.

Mwalimu Naismith alifikiri hivi: katika michezo mingine watu huumizana kwa sababu mpira hupigwa kwa nguvu kuelekea goli lililosimama mbele yao. Akakumbuka mchezo wa utoto wake, ambao watoto waliweka jiwe juu ya mwamba, kisha wakatupa mawe yao ili kuliangusha. Aliyetupa kwa nguvu na kukosa, jiwe lake lilikwenda mbali, na kabla hajaliokota alikuwa amekwisha kukamatwa. Aliyetupa polepole kwa kupindisha juu, jiwe lake lilianguka karibu. Basi Naismith akasema moyoni, goli likiwa juu ya vichwa, tena likilala na mdomo wake kuelekea mbinguni, nguvu haitafaa kitu. Kila mtu atalazimika kutupa kwa upole na kwa akili. Akatafuta makasha akakosa, akapewa vikapu viwili vya matunda, akavipigilia kwenye ukingo wa ghorofa ya ndani, futi 10 toka chini. Siku ya kwanza ya mchezo ule mpira uliingia mara moja tu. Hata leo pete iko futi 10 vile vile.

Mchezo huo ulizaa mwingine huko Uingereza, nao ni ule wa mpira wa pete ambao wasichana wa shule zetu huucheza. Pete yake nayo iko futi 10 juu, lakini ni nyembamba zaidi, tena haina ubao nyuma wa kumsaidia mtupaji. Kwa hiyo dada zetu wasidhani ya kwamba habari hii ni ya wavulana peke yao.

Sasa na tupige hesabu. Pete ya mpira wa kikapu ina upana wa sentimeta 45, na mpira una upana wa sentimeta 24 hivi. Chora pete hiyo ardhini kwa kijiti. Ukiitazama toka juu, ni duara kamili. Sasa inama uitazame kwa upande: duara linabonyea, linakuwa kama yai, kisha kama jicho lililosinzia. Mpira nao huiona pete kwa namna hiyo. Ukishuka kwa mwinamo wa digrii 45, nafasi iliyo wazi mbele yake ni sentimeta 32, unapita salama. Ukija kwa mwinamo wa digrii 30, nafasi ni sentimeta 22 na nusu tu, na mpira wenyewe ni 24. Hauwezi kupita bila kugonga chuma, hata kama umelengwa katikati kabisa. Mwenye kutupa kwa nguvu na kwa kunyosha amelifunga lango kwa mkono wake mwenyewe.

Linganisheni na bunduki ya siku hizi. Tangu katikati ya karne ya 19 majeshi yalianza kutumia bunduki zenye mifereji midogo iliyopindwa ndani ya mtutu, inayoizungusha risasi ili iende imara bila kuyumba. Risasi iendayo meta 800 kwa sekunde huvuka meta 100 kwa karibu sehemu ya nane ya sekunde, nayo huanguka kama inchi 3 tu. Kwa hiyo mpiga bunduki karibu anyoshe tu, na mtupaji wa mpira lazima apindishe. Kwa jambo hili mwana wa upinde ni mtupaji wa mpira, wala si mpiga bunduki.

Lakini msidhani ya kuwa kazi ya bunduki ni rahisi. Katika michezo ya Olimpiki, ambako kulenga kwa bunduki kulikuwamo tangu mwaka wa kwanza, 1896, na mpira wa kikapu ukaingia 1936, kuna shindano la bunduki ya upepo kwa meta 10. Shabaha nzima ina upana wa milimeta 45 na nusu, yaani karibu sehemu ya kumi ya pete ya mpira; na alama ya katikati ni kitone cha nusu milimeta. Mpigaji akitikisika kwa unene wa unywele, amekosa. Hupumua nje kidogo, huzuia pumzi, hukaza kidole polepole mno. Mtutu umekwisha kutengenezwa na fundi. Kazi ya mtu ni kutouharibu unyofu wake. Lakini mtupaji wa mpira hana mtutu. Miguu yake ndiyo baruti, mkono ndio mtutu, vidole ndivyo vinavyouzungusha mpira. Kwa kila mtupo hana budi kuitengeneza bunduki upya.

Wala urefu wa mwili hautoshi. Kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, mwenye urefu wa kupita meta 2.2, alikuwa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi kubwa ya Marekani, alipochaguliwa wa pili katika mwaka wa 2009. Naye alisifiwa zaidi kwa kuzuia mipira kuliko kwa kutupa. Na Mmarekani Wilt Chamberlain, jitu la watu, alikuwa dhaifu katika ile mitupo ambayo mchezaji aliyechezewa vibaya hupewa atupe bila kuzuiliwa na mtu. Akajaribu kutupa kwa mikono miwili toka chini, kati ya magoti, kama atupaye ndoo ya maji. Tarehe 2 Machi 1962 alitupa hivyo mara 32 akaingiza 28, na siku ile alipata pointi 100 peke yake. Lakini baadaye aliiacha namna hiyo kwa sababu aliona haya kuonekana akitupa kama mtoto, na shabaha yake ikaharibika. Wanafunzi, kumbukeni: huyo aliacha lililo sawa kwa kuogopa kuchekwa.

Kuna jambo jingine, nalo ni la jicho. Mwaka wa 1996 bibi mtaalamu wa Kanada, Joan Vickers, alitangaza majaribio aliyofanya kwa chombo kinachoonyesha mtu anatazama wapi. Aliwapima watupaji wa mpira, akaona ya kwamba walio hodari hulituliza jicho mahali pamoja penye pete, karibu muda wa sekunde nzima, kabla mikono haijaanza kutupa. Walio dhaifu macho yao huruka huku na huku. Wataalamu wengine walipowapima wapiga shabaha wa bunduki, waliona jambo lile lile. Basi hapo vitu viwili vilivyokuwa mbali vyakutana: mkono wa mpira na mkono wa bunduki ni mbalimbali, lakini jicho ni moja, tena ni jicho lililotulia kwanza.

Tulipofika hapo tulidhani tumekwisha kupata jibu. Likizo ilipokwisha, yule kijana wa Kibondo alirudi chuoni pamoja na babu yake, aliyekuja Kasulu kumtazama binti yake. Wanafunzi walimpokea kwa heshima, wakamletea kiti, kisha wakamwomba, "Babu, tafadhali jaribu na wewe." Mzee akauchukua mpira, akaupima kwa mikono, akautupa kwa nguvu na kwa kunyosha, kama apigaye risasi. Ukagonga ubao, ukarudi ukasimama miguuni pake. Mzee akacheka sana. "Kumbe huyu hurudi!" akasema. Akatupa tena, na tena, hata wa saba au wa nane akaupindisha juu, ukaingia.

Ndipo alipoketi akatuambia neno ambalo mjukuu wake mwenyewe hakuwahi kulisikia. Alisema, "Wajukuu zangu, mwanisifia shabaha. Siku moja, jua likitua, niliona majani yakitikisika, nikasema ni nguruwe. Nilituliza mkono, nikatuliza pumzi, nikapiga vizuri kabisa. Aliyekuwa katika majani yale ni ndugu yangu, mtoto wa mama yangu, akitafuta asali. Risasi ilimwingia pajani. Hakufa, lakini alichechemea mpaka alipozikwa, na kila alipopita mlangoni kwangu niliisikia ile fimbo yake. Bunduki niliiacha tangu siku ile. Shabaha yangu haikuwa na kasoro hata kidogo. Nilikuwa sijajua ninalenga nini."

Uwanja ulinyamaza. Yule kijana aliinamisha kichwa, kisha akaenda akauokota mpira akampelekea babu yake mara ya pili.

Wasikilizaji wetu, ninyi mkaao katika vilima hivi hamna haja ya kufundishwa gharama ya risasi. Nchi yetu imepokea watu waliokimbia bunduki za Burundi mwaka wa 1972 na tena 1993, na wale waliokimbia bunduki za Kongo, ambao kambi ya Nyarugusu huku Kasulu ilifunguliwa kwa ajili yao mwaka wa 1996. Na upande wa Kibondo kambi ya Nduta ilifunguliwa tena mwaka wa 2015. Wengi wenu mmewaona wakifika na mikeka vichwani. Waliowafukuza hawakukosa shabaha.

Kwa hiyo jibu letu kwa yule kijana ni hili. Ukiuliza juu ya mkono, mtupaji wa mpira hufanya kazi kubwa zaidi, kwa kuwa mwili wake ndio bunduki, na njia ya mpira wake imepindika kama ya mshale wa babu zetu. Ukiuliza juu ya udogo wa shabaha, mpiga bunduki wa mashindano anampita. Ukiuliza juu ya jicho, ni sawa. Lakini mwenye mpira ana faida moja aliyokuwa nayo mtoto mwenye upinde wa matete: akikosa, huuokota akatupa tena, na kila kosa humfundisha. Mwenye bunduki hana kuokota. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo yeye anadaiwa jambo moja zaidi, ambalo mtupaji hadaiwi: kujua kwa hakika kilichopo mbele yake kabla kidole hakijakaza.

Walimu wa shule za vijijini wanaweza kufanya somo hili bila gharama. Pete yaweza kufanywa kwa fito zilizopindwa na kufungwa kwa kamba juu ya mti, futi 10 toka chini. Kila mtoto na atupe mara ishirini kwa kunyosha, kisha mara ishirini kwa kupindisha, akiituliza jicho penye pete kabla ya kutupa. Hesabu ziandikwe ubaoni. Kisha watoto waulizwe kwa nini zimetofautiana, nao wachore duara ardhini na kuinama kulitazama kwa upande.

Na kama kuna mzee kijijini aliyewinda zamani, mwiteni aje akae kitini karibu na uwanja. Msimwombe asimulie wanyama aliowapata peke yake. Mwulizeni pia habari za siku aliyoiacha bunduki.